Ufundi wa Kuchagua Kitabu

Anayefundisha somo la vyombo vya habari na jamii hupimwa kwanza kwa orodha ya vitabu anayowapa wanafunzi. Muhula ni mfupi, fedha ni chache, na nakala za maktaba hazitoshi darasa. Kuchagua hapo ni ufundi, nami nauheshimu sawa na uandishi wenyewe.

Fundi wa kazi hii hashawishiwi na jalada. Huanzia nyuma, kwenye marejeo na faharasa, aone mwandishi amejibizana na nani. Kisha hutafuta sura inayoeleza ushahidi ulivyopatikana: je, mwandishi alikaa na wasikilizaji wa redio, au aliwasemea tu?

Kwa mfano, mwaka 1964 Marshall McLuhan wa Kanada alitoa Understanding Media, akishikilia kwamba chombo chenyewe hubadili jamii kuliko yale kinayoyabeba. Miaka 10 baadaye Raymond Williams, mzaliwa wa Wales, alimpinga katika Television: Technology and Cultural Form. Teknolojia, alisema, haijileti. Nyuma yake kuna taasisi, fedha na makusudi ya watu. Wala hakuishia kwenye ubishi: alipima muda wa vipindi katika stesheni za Uingereza na za California, akavilinganisha. Mchaguaji hodari humpa mwanafunzi vitabu vyote viwili, ili cha kwanza kimvute na cha pili kimzindue.

Kisha huuliza vimeandikwa vikitazama wapi. Katika vitabu hivyo mitambo hufanya kazi ilivyokusudiwa. Brian Larkin, katika Signal and Noise (2008), aliichunguza inapoharibika: mjini Kano, Nigeria, ambako kanda za filamu zilinakiliwa hadi picha zikafifia, na biashara hiyo hiyo ikasaidia kuizaa sinema ya Kihausa. Nanjala Nyabola, katika Digital Democracy, Analogue Politics (2018), aliichambua Kenya ya mitandao ya kijamii na ya uchaguzi wa 2017, ambao matokeo yake ya urais yalifutwa na Mahakama ya Juu. Vitabu kama hivi visisukumwe wiki ya mwisho. Vikisomwa mapema, mwanafunzi wa Nairobi au Dodoma huelewa kwamba nadharia huzaliwa pia mahali kama kwao.

Jina la mchaguaji halichapishwi popote. Hata hivyo, maswali ambayo waandishi wa habari wa kesho watawauliza wenye mamlaka huanza kuumbwa katika orodha yake.