Ala ya Sime na Dirii ya Ngozi Mbichi

Anayetaka kujitengenezea dirii na ala za upanga kama za filamu ya The Lord of the Rings ataambiwa jambo moja mapema: chemsha ngozi, igande umbo unalotaka. Akiwa Songwa, wilayani Kishapu mkoani Shinyanga, akachukua kipande cha ngozi ya begi kutoka sokoni na kukitumbukiza kwenye sufuria, atakitoa kikiwa laini vilevile, kimelowa tu.

Sababu iko kwenye usindikaji. Ngozi ni kolajeni, na kolajeni mbichi yenye maji hujikunja joto likifika nyuzijoto 65 hivi. Ikisindikwa kwa tanini za miti huhimili hadi kati ya 70 na 85. Ikisindikwa kwa chumvi za kromu hupita 100, kwa hiyo maji yanayochemka hayaifanyi kitu. Njia ya kromu ilianza kushika soko baada ya Augustus Schultz kupata hataza yake Marekani mwaka 1884, na leo ngozi nyingi za viatu na mabegi duniani ni za kromu. Mafundi wa Ulaya wa zama za kati waliochemsha ngozi hawakuwahi kuiona ngozi ya kromu. Kipimo ni rahisi: kata ukanda mwembamba, utie kwenye maji yanayochemka. Ukijikunja na kuwa mgumu, ni ya tanini. Ukibaki kama ulivyo, ni ya kromu, na hata ukingo wake uliokatwa mara nyingi huonyesha rangi ya kijivu-samawati.

Tanini zenyewe zipo. Maganda ya mbegu za mgunga aina ya Vachellia nilotica yana tanini nyingi, na migunga imerudi katika ngitili, yaani hifadhi za malisho za Shinyanga, tangu mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI uanze mwaka 1986. Njombe nako magome ya miwati yamekuwa yakikamuliwa na kampuni ya TANWAT, iliyoanzishwa mwaka 1949. Lakini kusindika kwa tanini huchukua majuma, na kwa mtu anayefanya haya kujifurahisha mwisho wa wiki, naona ni kuzunguka mbuyu. Kishapu ni eneo la ufugaji lenye ngozi mbichi tele, na mbinu ya kuitumia kwa silaha ilishakamilika zamani. Iko kwenye ala ya sime ya Wamasai.

Itazame vizuri ala hiyo. Ndani mna mbao mbili nyembamba zilizochongwa zikaachiwa uwazi wa upanga. Juu yake imevutwa ngozi mbichi iliyolowa, ikashonwa, ikakaukia hapohapo, kisha ikapakwa rangi nyekundu. Chuma hakigusi ngozi. Ngozi inafanya kazi ya jiriwa: inapokauka husinyaa na kuzibana mbao mbili hadi ziwe kitu kimoja, bila gundi wala msumari. Miongozo mingi ya kigeni huigeuza ngozi kuwa mfuko wa upanga, na hapo ndipo chuma kinapoanza kushika kutu, kwa kuwa ngozi hunyonya unyevu, na chumvi au asidi zilizobaki kutoka kiwandani hukila taratibu.

Umbo la sime lina mtego wake. Upanga wake hupanuka kuelekea nchani, kwa hiyo mdomo wa ala lazima upitishe sehemu pana kuliko zote. Upanga ukishaingia, karibu na mpini kunabaki nafasi kushoto na kulia. Ukijaribu kuiziba kwa kubana mdomo, sime haiingii tena. Kinachoushika upanga ni unene: mbao zigusane na bapa za upanga kwa wepesi, huku mfereji mdogo ukiachwa kwa ajili ya mwinuko wa katikati. Tena sime haina kikingio cha mkono, hivyo kila ukiirudisha alani kwa nguvu, ncha ndiyo inayopokea kishindo. Mbao za chini zisichongwe nyembamba mno.

Hatua inayoharibu kazi nyingi ni ukaushaji. Nguvu ya ngozi inayosinyaa inatosha kuzikandamiza mbao nyembamba hadi uwazi ufe. Dawa yake ni kuacha kitu ndani. Wengine huacha sime yenyewe, wakaishia kuitoa ikiwa na kutu. Afadhali kipande cha mti chenye umbo la upanga, kinene kidogo kuuzidi, kizungushiwe nailoni, kivutwe nje kabla ngozi haijakakamaa kabisa. Na kazi ikaushwe kivulini. Kiangazi cha Kishapu kina jua na upepo mkavu. Upande wa nje ukitangulia kukauka, mshono huvutwa ukapinda na ala nzima husokoteka.

Dirii hufuata kanuni ileile, ila bila mbao. Ngao za Wamasai zilikuwa ngozi mbichi ya nyati iliyokaushwa kwa kuvutwa, ikashonewa fremu ya mti. Anayewamba ngoma anaijua tayari nusu ya kazi hii, na Usukumani wawambaji si haba; ngoma zilizohifadhiwa katika Makumbusho ya Bujora, Kisesa, ni ushahidi wa kutosha. Ngozi ya ng'ombe ikwanguliwe nyama na mafuta, inyolewe, ilowekwe, kisha ifungwe juu ya gogo lililochongwa kama kifua. Usiitoe yote kipande kimoja, kwani ikikauka haikunjiki na mvaaji hatainama. Kata magamba, yakaushe kwenye gogo, uyafunge kwa kamba za ngozi yakipishana.

Kilichobaki ni maji, maana ngozi mbichi ikinyeshewa hurudi kuwa laini. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa huzuia sehemu kubwa. Nayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, karibu kabisa na pale kolajeni yenye maji inapojikunja, kwa hiyo ipakwe juu ya ngozi iliyokauka kweli; ikiwa na unyevu ndani, gamba hupinda mikononi mwako. Gamba lililojikunja hivyo halirudi umbo lake hata ukililoweka; kata jingine.