Fundi wa Kuvizia

Cahuita, kwenye pwani ya Karibi ya Costa Rica, yupo nyoka wa manjano anayejikunja juu ya tawi au kando ya shina la ua, akatulia hapo. Wenyeji humwita oropel. Wenzake wa aina hiyohiyo wenye rangi ya kijani au kahawia huitwa bocaracá. Ni wa jamii ya vifutu, ana sumu, na kwa kawaida hafiki urefu wa mita 1. Juu ya kila jicho magamba yamesimama mfano wa kope.

Kazi yake ni kuvizia, na anaifanya kwa subira inayostahili heshima. Mkia umeshika tawi barabara, shingo imekunjwa tayari. Kati ya jicho na tundu la pua, kila upande, ana kishimo chenye utando mwembamba unaohisi joto hata likibadilika kwa sehemu chache za elfu za nyuzi 1. Habari za vishimo huungana ubongoni na zile za macho, hivyo popo au panya hajifichi gizani.

Ila umahiri wenyewe huonekana windo likishagongwa. Moma wetu wa Afrika, awindaye ardhini, akimgonga panya mkubwa humwachia, kisha humfuata kwa harufu mpaka alipofia. Mtini njia hiyo haifai kabisa: ndege akiachiwa ataruka, panya ataanguka kwenye vichaka, na chakula kimepotea. Basi oropel huuma asiachie. Meno mawili marefu hubaki mwilini mwa windo, mkia ukibeba uzito wa wote wawili, hadi sumu imalize kazi.

Watoto huzaliwa hai, nao wana hila yao: huchezesha ncha ya mkia ikadhaniwa mnyoo, chura akasogea mwenyewe.

Afrika haina vifutu wa vishimo. Hata hivyo, milima ya Usambara ina kifutu wa mitini mwenye magamba yaliyosimama juu ya macho vilevile, ingawa hawa wawili si ndugu wa karibu.

Oropel au bocaracá hamwandami mtu. Wanaoumwa aghalabu ni wale waliopeleka mkono kwenye majani bila kutazama, wakichuma au wakifyeka. Ukijaliwa kufika Cahuita, litazame tawi kabla hujalishika, na ukimwona, simama mbali umwache na kazi yake.