Akiba ya Mshono

Fundi wa nguo anayeijua kazi yake, ukimwendea Karatina au Nanyuki na kitambaa mkononi, haanzi na habari za mtindo. Anaanza na, "Unasafiri lini?" Ukimjibu, anahesabu kinyumenyume kwa vidole: siku ya kuondoka, siku ya vifungo na pasi, siku ya kujaribu, siku ya kukata. Hesabu isipotosha atakwambia ukanunue mtumba, na hapo ndipo utajua kwamba umefika kwa fundi. Yule anayesema "kesho utapata" kabla hata hujakikunjua kitambaa, mshukuru, ujiendee zako.

Ukweli wa namna hii ni adimu katika kazi ya cherehani. Mteja wa mtaani huzungushwa na "njoo kesho" mpaka sikukuu inapita gauni likiwa vipande, kwa kuwa fundi anajua mteja huyo atanuna kisha atarudi. Msafiri hana kesho ya pili. Nguo yake isipokuwa tayari, fundi atabaki na suruali iliyokatwa kwa kiuno cha mtu aliyekwisha panda ndege, na nguo ya kipimo haina mnunuzi mwingine. Ndiyo maana nadhani mtu akitaka kuujua ufundi wa nguo ulivyo hasa, autazame unapomhudumia mpita njia.

Na miji inayouzunguka Mlima Kenya haikosi wapita njia. Nanyuki, jirani wa Ikweta, hupokea wanajeshi wa Uingereza wanaokuja mazoezini, na wapanda mlima wanaoingilia lango la Sirimon. Hao wa mlimani hukaa huko siku nne au tano, muda unaotosha kabisa shati la kitenge kushonwa, ila ni heri wapimwe wakishateremka kuliko kabla ya kupanda, maana kiuno kinachopanda sicho kinachoshuka. Desemba huja watoto wa nyumbani wanaoishi Marekani na Uingereza. Wana ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya dada, wana harusi ya binamu, ukoo mzima unataka rangi moja, na wote wana wiki mbili tu.

Nyeri nayo ina mgeni wake mashuhuri ambaye hakuondoka. Baden-Powell, mwasisi wa maskauti, aliishi miaka yake ya mwisho katika nyumba ndogo ya Paxtu, kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, akafariki Januari 1941 na kuzikwa mjini humo. Maskauti wa nchi nyingi hulizuru kaburi lake. Huyu ndiye aliyewavisha kaptura vijana wa dunia nzima, kisha akaja kumalizia siku zake kwenye mji ambao, mwezi wa Julai, kaptura ni adhabu.

Hilo la Julai nalisema kwa uchungu. Mimi ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga akifikishwa mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, penye ukungu mpaka saa nne asubuhi, hana mjadala tena kuhusu fasheni. Anataka koti. Koti la mtumba lipo tele, na zuri, lakini mabega yake yalikwisha kuzoea mtu mwingine. Nikanunua kitambaa cha sufu, nikaelekezwa kwa mama mmoja wa Karatina aliyekuwa na cherehani ya miguu kwenye veranda ya duka la vitambaa.

Alinipima kwa futi iliyofifia tarakimu, akiandika inchi kwenye daftari la Kasuku bila kuniuliza jina. Kifua, mgongo, upana wa mabega, mkono ukiwa umenyooka, mkono ukiwa umekunjwa. Nilikuwa nimejikaza kama askari wa gwaride. Akashusha futi. "Simama vile husimamanga," akasema. Nikalegea. Akanizunguka, akatazama mgongo kwa muda ambao kwa mtu mwingine ungekuwa utovu wa adabu, kisha akasema bega langu la kushoto limeshuka. "Ni mkoba?" Ni mkoba, miaka mingi ya mkoba mzito upande mmoja. Hakuna aliyewahi kuniambia, na nimeoa. Koti la kiwandani huyahesabu mabega yote mawili kuwa sawa, ndipo hujikunja chini ya kola upande mmoja nawe ukalilaumu koti. Yeye angeongeza tabaka jembamba la pamba ndani ya bega hilo, basi.

Niliporudi kujaribu, koti lilikuwa kichekesho. Limepigwa bandi kwa uzi mweupe, mishono mirefu ya kushikiza tu, mkono mmoja upo na mwingine haupo, bitana haijatiwa. Wateja wengi hukata tamaa wakiiona nguo katika hali hii, na wenye haraka huomba waruke hatua hiyo. Ni kosa kubwa. Hii ndiyo saa ambayo nguo bado inasikia maneno. Alichora chaki chini ya kwapa, akarudi nyuma hatua mbili, hakuridhika. Akavuta uzi mmoja, mkono mzima ukamdondokea kiganjani. Akaupachika upya ukiwa umeelekea mbele kidogo, kwa sababu mikono ya mtu anayeandika haining'inii ubavuni, hutangulia. Kwa kazi hiyo aliniomba bei ambayo nisingethubutu kuipunguza, na sikuipunguza. Anayeshindana na fundi juu ya shilingi mia mbili asishangae zikikatwa kwenye mshono.

Lakini kitu kilichonifanya nimsifu mama huyu kimefichwa ndani, mahali ambapo mteja hatazami. Kwenye mshono wa katikati ya mgongo, na kwenye mbavu, aliacha kitambaa cha ziada, karibu inchi nzima kila upande, kikakunjwa na kulazwa kwa pasi chini ya bitana. Nikamwuliza kama si hasara. "Utanenepa," alisema, "na mimi sitakuwa huko."

Kiwanda hakiwezi kuacha akiba kama hiyo. Ukiizidisha kwa maelfu ya makoti, majora mazima yameishia gizani. Fundi wa jirani naye hana shida nayo sana, kwa kuwa mteja akinenepa atarudi na watazungumza. Ni nguo ya msafiri ndiyo inayoidai, maana atakayeifumua ni fundi mwingine, mji mwingine. Nilinenepa, bila shaka. Fundi wa Tanga alipolifungua koti lile, alipitisha kidole kwenye ile akiba, akasema aliyelishona ana adabu. Hakutaka kujua anatoka wapi.

Ufundi huu umedumu kwa ukaidi. Nanyuki ilikuwa na kiwanda chake cha nguo, Mount Kenya Textiles, wenyewe wakikiita Mountex; kilifungwa zamani. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, mitumba ikamwagika nchi nzima, na mafundi wengi wakageuka wabana viuno na wabadilisha zipu za nguo za watu wa mbali. Kumbe huko nako kulikuwa shule: anayefumua koti la Ulaya kila siku hujifunza lilivyoshonwa. Mwaka 2023 Rais Ruto alipozoea kuvaa suti ya Kaunda, wengi wakaitaka, na Novemba mwaka huohuo Spika Wetang'ula akaipiga marufuku bungeni. Bunge lina mlango, veranda haina. Mimi naipenda suti ile kwa sababu ya fundi: haina tai ya kusitiri kola iliyokwenda upande.

Siku hizi yupo pia mteja asiyefika kabisa. Yuko Lowell, Massachusetts, walikohamia Wakenya wengi. Pesa zinaingia kwa M-Pesa, na vipimo vinakuja kwa WhatsApp, vimechukuliwa na mumewe kwa futi ya chuma ya seremala. Nilishuhudia mama yule akizisoma tarakimu hizo na kucheka mpaka akavua miwani. Dera angeshona, alisema, dera halina ugomvi na mtu. Gauni lenye kiuno angeshona kama mama mzazi angeleta kutoka Othaya gauni la zamani la bintiye, linalomkaa, alipime hilo. Koti alikataa katakata. Wa koti asubiri Desemba, aje na mwili wake, na aje kabla ya tarehe 15, kwa sababu baada ya hapo cherehani zote ni za sare za shule.