Kutafuta si Kutafiti: Istilahi za Stadi za Taarifa Vyuoni

Hivi karibuni tuliletewa, ili tuutolee maoni, mwongozo uliofasiriwa kwa ajili ya wanachuo wa mwaka wa kwanza. Unawafundisha kutumia maktaba na intaneti, kupima ukweli wa wayasomayo na kuandika ripoti ya utafiti. Nia yake ni njema na Kiswahili chake, kwa jumla, ni fasaha. Hata hivyo, zimo humo istilahi ambazo, twahofia, zitampotosha yule yule anayekusudiwa kuongozwa.

Tuanze na jina la somo lenyewe. Mfasiri ameliita “kisomo cha habari”. Dhana hii ilipewa jina huko Marekani mwaka 1974 na Paul Zurkowski. Na mwaka 1989 kamati ya Chama cha Maktaba cha nchi hiyo iliifafanua kuwa ni uwezo wa mtu kutambua wakati anapohitaji taarifa, kuipata, kuipima na kuitumia ipasavyo. Kwetu Tanzania, neno kisomo lina historia yake. Katika kampeni zilizofuata Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, 1970, lilishikamana na watu wazima waliokuwa wakijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwanachuo akiitwa kwenye kisomo atadhani amedharauliwa. Habari nalo ni neno la salamu na la redio. Sisi twapendekeza “stadi za taarifa”, kwa kuwa stadi limekwisha kuzoeleka katika mitaala, kama katika stadi za maisha. Twajua kwamba maofisini taarifa ni ripoti. Lakini utata huo huondolewa na muktadha upesi kuliko ule wa habari.

Pili, mwongozo unatumia kutafuta na kutafiti kana kwamba ni neno moja. Tofauti yake masikioni ni irabu tu, lakini katika kazi ni kubwa. Kutafuta ni kukiendea kitu mahali kilipo. Kutafiti ni kuuliza swali, kukusanya ushahidi, kuupima, na kutoa hitimisho ambalo wengine waweza kulihoji. Mwanachuo aliyeandika maneno mawili katika kompyuta akaletewa orodha ndefu, ametafuta, hajatafiti. Na leo, programu za akili mnemba zinapomletea jibu lililokwisha kupangwa, hata kutafuta kwenyewe kumepungua. Ndiyo maana tofauti hii inahitajiwa zaidi sasa kuliko zamani.

La tatu ndilo zito. Ukurasa mmoja unasema ni marufuku “kunukuu kazi ya mtu mwingine”. Ukurasa wa mbele unamwagiza mwanachuo “anukuu kwa usahihi”. Atii lipi? Akishtakiwa kwa udanganyifu naye akajibu kwamba alinukuu tu, mwongozo utakuwa shahidi wake. Twapendekeza maneno haya yatengwe hivi: kunakili ni kuchukua maneno kama yalivyo, kunukuu ni kuyachukua, kuyatia katika alama za mtajo na kumtaja mwenyewe, na wizi wa maandishi ni kuchukua maneno au wazo la mtu bila kumtaja. Iongezwe pia kwamba anayeeleza wazo la mwenzake kwa maneno yake mwenyewe bado ana wajibu wa kumtaja. Jambo hili mwongozo umelinyamazia kabisa.

Wapo watakaosema kwamba tunahangaikia madogo, kwa sababu vyuo vikuu vyetu hufundisha kwa Kiingereza. Lakini mwanachuo asipoelewa darasani, aghalabu hufafanuliwa kwa Kiswahili nje ya darasa, na huko ndiko dhana inakoshika mizizi au inakopotoka. Istilahi ikikosewa hapo, adhabu humwangukia mwanafunzi, wala si mfasiri.

Twashauri mwongozo urekebishwe kabla ya kuchapwa upya. Wakufunzi, wakutubi na wafasiri wenye maneno yaliyo bora kuliko haya tuliyoyapendekeza wasisite kutuletea, pamoja na mifano ya jinsi wanavyoyatumia kazini.