Neno "Company" na Ukwangala wa Wanyakyusa

Mwaka 1951 kilipigwa chapa kitabu cha Monica Wilson juu ya vijiji vya rika vya Wanyakyusa, nacho kikaitwa Good Company. Bibi huyu na mumewe Godfrey walifanya kazi katika nchi ya Rungwe baina ya 1934 na 1938, wakijifunza lugha na desturi, na sifa ya kitabu haihitaji kutetewa nasi. Tunalotaka kulipima hapa ni jina lake. Kwa maneno hayo mawili ya Kiingereza Bibi Wilson alilifasiri neno la Kinyakyusa, ukwangala. Je, yanalibeba?

Mwalimu akitaka kuligeuza jina hilo kwa Kiswahili atakwama papo hapo. Akiandika "Kampuni Njema", msomaji wa Tukuyu ataona mbele yake viwanda vya chai vya Katumba na Mwakaleli, na malipo ya mwisho wa mwezi. Wala si kosa la msomaji. Kiswahili kilipolichukua neno "company" kiliacha maana zake nyingi njiani: kampuni ikawa ya biashara, na kombania ikawa ya askari. Nasi wa pande hizi za Ziwa Nyasa hatuna haja ya kushangaa, kwa maana African Lakes Company ilikuwa ikifanya biashara Karonga, na tangu 1887 ikipigana na Mlozi, mwuza watumwa, kabla Wamoravian hawajafika Rungwe mwaka 1891.

Lakini kwa Waingereza neno hilo ni pana sana. Wageni waliokuja kula chakula cha jioni ni "company". Mabaharia wote wa merikebu moja ni "company". Na waigizaji wa mchezo vilevile. Mtu anayetembea na mwenzake ili asiwe mpweke ampa "company". Asili yake ni Kilatini, maneno mawili yaliyounganishwa, "pamoja" na "mkate". Yaani wanaokula mkate mmoja. Ni kweli kwamba mkate haukuwa chakula cha Rungwe, bali ndizi na maharagwe na maziwa, lakini shina la neno lafaa kuliko tungalivyodhani. Watoto wa kiume, walipofikia umri wa miaka kumi hivi, walitoka nyumbani kwa baba zao wakajenga vibanda vyao pamoja na wenzao wa rika, wakalala huko. Chakula walikula kwa mama zao, wakienda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Huko kula na kusema pamoja ndiko ukwangala, nako kulihesabiwa kuwa shule: mtu hupata akili na adabu kwa kuzungumza na walio sawa naye.

Kasoro tuionayo ni hii. Mwingereza wa siku hizi ameusahau mkate, naye asikiapo "good company" husikia furaha tu, watu wema na maneno mazuri. Ukwangala ulikuwa na deni ndani yake. Mtu aliyechinja ng'ombe akala na watu wa nyumbani mwake tu, majirani hawakumwacha. Aliiogopa pumzi yao, na ugonjwa ukimpata, watu walijua ulikotoka. Bibi Wilson hakulificha jambo hili, maana amelieleza kwa kirefu katika kitabu chichohicho. Jina la jaladani ndilo lililobaki na nusu iliyo tamu. Tena halisemi lolote juu ya usawa wa rika, na bila huo ukwangala haupo.

Basi Kiswahili kitaitaje? "Ushirika" hatuutaki: siku ya Jumapili ni wa meza ya Bwana, na siku za juma ni wa mizani ya kahawa. "Urafiki" ni wa watu wawili. Sisi twaelekea neno "mazungumzo", na ushahidi wetu tunautoa katika 1 Wakorintho 15:33. Neno la Kiyunani mahali pale lina maana ya kukaa na watu na ya kusema nao pia. Fasiri ya Kiingereza ya 1611 ilishika kusema. Ile ya 1881 ilishika kukaa, ikaandika "company". Biblia ya Kiswahili ya 1952 ina "mazungumzo", na wako wanaodhani kwamba ni maneno ya kinywa tu. Lakini katika Kiswahili cha zamani kuzungumza kulikuwa pia kupitisha wakati pamoja na watu kwa furaha, kama wafanyavyo wazee wa pwani barazani. Neno lilikuwa na pande zote mbili. Ni sisi tulioliacha lipungue. Kwa hiyo jaladani tungeandika "Mazungumzo ya Rika", na ndani tungeliacha ukwangala kama lilivyo, tukilieleza mara ya kwanza, na deni lake tukilitaja.

Vijiji vya rika vya namna ile vimekwisha, lakini haja ya neno haikwisha. Vijana wa leo husema "nipe kampani", wakimwomba mwenzao akae au aende nao. Yaani wamerudi kwa Waingereza kuchukua maana ile iliyoachwa mara ya kwanza. Mwalimu akilikuta katika insha, tungemwomba asilikate kwa wino mwekundu na kuandika "kampuni" juu yake. Awatume kwanza wanafunzi wa Rungwe wakawaulize babu zao, wao wangesemaje.