Safu ya Sababu

Kijana akiingia na kusema, "Shikamoo Mwalimu, naomba unifungulie poti kwenye ile seva," jibu lilikuwa lile lile: "Marahaba. Ya nini, na hadi lini?" Tulimwita Mwalimu ingawa hakuwahi kushika chaki. Kazi yake, katika kitengo kimoja cha TEHAMA jijini Dar es Salaam, ilikuwa kujua tulicho nacho.

Kila seva, iwe ile iliyonguruma chumba cha pili au iliyokodiwa kwenye wingu huko Ireland, ilikuwa na mstari wake katika orodha: jina, toleo la mfumo endeshi, poti zilizo wazi, tarehe ya kiraka cha mwisho, na mwenyewe. Mwenyewe awe mtu. Ukimwandikia idara alikurudishia fomu, kwa kuwa idara haipokei simu saa nane za usiku. Pembeni alihifadhi usanidi wa msingi, yaani jinsi seva inavyopaswa kuwa ikiwa safi: huduma za ziada zimezimwa, nenosiri la kiwandani limeondolewa, kumbukumbu za matukio zinatunzwa kwenye mashine nyingine. Kisha akalinganisha, tena na tena, kilichopo na kilichokusudiwa.

Ninachokikumbuka kwa mapenzi ni safu ya mwisho ya orodha ile, safu ya sababu. Alipokuta tofauti hakukimbilia kuifuta, aliiulizia. Poti hii imefunguliwa kwa ajili ya benki fulani, ameomba fulani, mwisho Juni. Toleo hili ni la zamani kwa kuwa programu ya mishahara haijakubali jipya. Litazamwe tena kabla ya bajeti. Ukiisoma safu ile toka juu hadi chini ulipata historia ya ofisi nzima: ahadi zake, haraka zake, hata ugomvi wake na wauzaji. Juni ikiisha, poti ilifungwa. Watu walinuna, maana kufungiwa ulichozoea kunauma, lakini hakuna aliyeweza kusema hakuambiwa.

Kazi hii si ngeni. Mwaka 1992, katika Chuo Kikuu cha Purdue, Gene Kim na Gene Spafford walitengeneza Tripwire, programu ya kugundua faili lililobadilika bila taarifa. Waraka wa NIST namba 800-53, unaoongoza mifumo ya serikali ya Marekani, una kifungu cha usanidi wa msingi na kingine cha orodha ya vifaa. Wakaguzi wa wingu huanzia humo, na wana haki. Machi 2017 ulitangazwa udhaifu katika Apache Struts, zana ya kujengea programu za wavuti. Ndani ya Equifax, kampuni ya Marekani ya taarifa za mikopo, agizo la kuweka kiraka lilisambazwa kwa watu zaidi ya 400, lakini mfumo mmoja wa kupokea malalamiko ya wateja ulibaki wazi. Wavamizi waliingia Mei, wakachota taarifa za watu wapatao milioni 147. Uchunguzi wa Bunge la Marekani ulitaja, miongoni mwa kasoro, kwamba kampuni haikuwa na orodha kamili ya mifumo yake. Agizo lilikuwapo, aliyejua liende wapi hakuwapo.

Siku hizi orodha hujizalisha. Siichukii mitambo hiyo: seva inayoishi dakika kumi haiwezi kuhesabiwa kwa mkono. Lakini mtambo unakuambia poti iko wazi, haukuambii nani aliahidi kuifunga. Nimeziona orodha zenye maelfu ya mistari ambazo safu ya mwenyewe imejazwa "admin", au barua pepe ya mtu aliyekwisha kuhama kazi. Usanidi wa msingi uliandikwa kwa ajili ya ukaguzi, ukapigwa muhuri, na seva zikaendelea na maisha yao. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022! Taarifa za mwananchi utazilindaje kama hujui ziko kwenye mashine gani?

Mwalimu alistaafu. Orodha yake ilihamishiwa kwenye mfumo mpya, mzuri, wenye grafu za rangi. Safu ya sababu haikuhamishwa, kwa kuwa fomu ya mfumo haina nafasi yake, na kwenye kikao cha makabidhiano hakuna aliyeiulizia. Poti zilizokuwa zifungwe Juni bado ziko wazi, na katika mfumo ule zinasomeka kuwa ndiyo hali ya kawaida.