Courier: nyayo nene katika chumba cha upana mmoja

Andika neno "mimi" kwa Times New Roman, kisha uliandike tena kwa Courier. Katika Times, ukubwa wa herufi ukigawanywa sehemu 1,000, m inachukua sehemu 778 na i inachukua 278. Katika Courier zote mbili zina sehemu 600, na nukta vilevile. Hapo mchoraji wa herufi anabeba mizigo miwili kwa mpigo: m inabanwa isipumue, na i inabaki katikati ya uwanja mtupu. Howard Kettler aliibeba mizigo hiyo katikati ya miaka ya 1950, alipoichora Courier kwa ajili ya taipureta za IBM. Kazi yake inastahili kuangaliwa kwa makini, maana inaonyesha kuwa serifu nene yaweza kuwa nguzo ya herufi, wala si pambo lake.

Serifu ni vile vistari vinavyofunga ncha za herufi. Zile nene, zilizokatwa bapa, zilianza kuonekana London mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wenye biashara walipotaka mabango yanayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Mwaka 1845 Robert Besley alitoa Clarendon, na serifu hizo zikapata kazi ya pili: kukoleza neno moja ndani ya ukurasa wa herufi za kawaida. Zote mbili zilikuwa kazi za kuvuta jicho. Taipureta ilihitaji kitu kingine kabisa.

Katika taipureta ya kawaida, kila kitufe kinapobonyezwa, behewa la karatasi husogea hatua ileile, iwe umepiga i au m. Kettler aliipa i wayo mrefu unaotanda kushoto na kulia, na juu akaiwekea kijibendera kinachoelekea kushoto. Herufi ambayo ingekuwa kijiti ikapata msingi wa kujaza nafasi yake. Herufi l ikapata wayo wa namna hiyo, na r na f pia zikasimama juu ya nyayo pana. Kwa m alifanya kinyume: miguu mitatu ikasogezwa karibu, nyayo zikafupishwa ili zisigongane. Ukilitazama neno zima huoni mashimo wala msongamano. Weupe umegawanyika karibu sawa, na mstari unakwenda kwa mwendo mmoja. Ondoa serifu hizo, uache upana uleule, na "mimi" litaonekana kama maneno mawili yaliyokatika vibaya.

Unene nao una sababu. Herufi ya chuma hupiga utepe wa wino, na wino husambaa kidogo kwenye karatasi. Mistari myembamba kando ya minene, kama ilivyo katika Times, isingetoka kwa usafi kila pigo. Kwa hiyo Courier ina mstari wenye unene karibu mmoja kote, na serifu zake ni nene kama shina. Suala hili ndilo lililoiponza Courier New, iliyoenea pamoja na Windows. Ilichorwa kwa kufuata umbo la herufi ya taipureta yenyewe, bila kuongeza unene ambao wino ulikuwa ukiuleta. Matokeo yake ni herufi zilizokonda, zinazofifia karatasini. Mwaka 2013 ilitoka Courier Prime, iliyochorwa na Alan Dague-Greene kwa ajili ya waandishi wa filamu, ikaurudisha ule mwili uliopotea.

Waandishi wa filamu wana sababu ya kuing'ang'ania Courier. Kwa ukubwa wa pointi 12, sehemu 600 ni pointi 7.2, inchi moja ina pointi 72, basi kila inchi inabeba herufi 10 kamili. Kwa kipimo hicho kisichoyumba, Hollywood hukadiria ukurasa mmoja wa skripti kuwa dakika moja ya filamu. Lakini kanuni hiyo ilizoeleka kwa Kiingereza. Safu ya mazungumzo katika skripti ina upana wa inchi tatu na nusu hivi, yaani herufi 35. "Hawakunieleza walivyotuhangaikia" ni maneno mawili tu, nayo yanakula nafasi 32. Mwandishi wa Kiswahili anayeamini hesabu ya kurasa peke yake anajidanganya. Asome mazungumzo kwa sauti, saa ikiwa mkononi.

Courier ina udhaifu wake, na si mdogo. Inakula karatasi. Herufi l na tarakimu 1 zina wayo uleule na hutofautiana juu tu. O na 0 nazo zinakaribiana mno, jambo la hatari kwa anayeandika programu au namba za hesabu za benki. Mwaka 2004 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliiacha Courier New katika nyaraka zake, ikahamia Times New Roman ya pointi 14. Kwa barua na vitabu naona walikuwa sahihi. Kwa skripti, na kwa majedwali yanayotaka safu zinyooke, bado sijaona sababu ya kuiacha. Ila chagua Courier Prime, na Courier New uiache ilipo.